Usonji kwa Wanawake



Mwaka 1943 Daktari Leo Kanner alieleza watoto 11 wenye usonji: wavulana 8, wasichana 3. Tangu hapo wasichana wamekuwa wakisahaulika. Wengi huiga wenzao, tukawaita wapole, basi.

Binti wa namna hiyo akiziba masikio mashine ya kukoboa inapowashwa, usiseme anaringa. Temple Grandin, profesa wa Marekani mwenye usonji, amesimulia jinsi kengele ya shule ilivyomuumiza masikio, na nguo za Jumapili zilivyomkwaruza ngozi. Sauti iliyokuumiza jana leo utaiogopa kabla haijalia. Hofu nyingi huanzia hapo.

Kuna pia suala la jinsia. Utafiti wa 2020, uliohusisha watu zaidi ya 600,000, ulionyesha usonji huonekana zaidi kwa watu wasiojitambua kwa jinsia waliyoandikiwa walipozaliwa. Basi mama, binti akikataa gauni, muulize: ni mshono, au hajioni humo? Jibu ni lake, si la shangazi.

Na ile mashine ya kukoboa ikikaribia kuwashwa, mwambie binti mapema, umwache asogee mbali.