Mmea haushibi joto

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni juma lililopita.)



Juma hili nimepokea barua kutoka London. Imeandikwa na mjukuu, lakini maneno ni ya bibi yake, mzaliwa wa Tanga, ambaye mwanawe alimchukua miaka michache iliyopita akaishi naye huko. Mama huyu anasema kila yafikapo majira ya baridi hupanda kotmiri ndani ya nyumba, katika makopo aliyoyapanga jikoni karibu na chuma cha kupashia nyumba joto. Mbegu huota vizuri. Lakini haupiti muda miche hurefuka kama uzi wa kushonea, hupauka, kisha hulala na kufa. Amejaribu miaka mitatu mfululizo. Anauliza kama mkono wake umeondokewa na baraka.

Kuna watu watakaosema kotmiri si jambo la kuzungumzwa redioni. Mimi naona ni jambo kubwa. Mtu aliyelima tangu utotoni, akahamia nchi ambayo lugha ya barabarani haijui, basi la kupanda haijui na hata jiko lazima aoneshwe namna ya kuliwasha, amebakiwa na vitu vichache anavyovijua kuliko wenziwe wa nyumbani. Kimoja kati ya hivyo kikimshinda, hahesabu hasara ya mbegu. Anajiuliza yeye mwenyewe anafaa nini katika nyumba ile.

Basi na tulieleze jambo lenyewe. Sisi tuliokulia pwani tumezoea kuona mmea ukihitaji maji na udongo. Mwanga hatuuhesabu, kwa kuwa hatujapata kuukosa. Hapa kwetu mchana ni wa saa 12 hivi, mwaka nenda mwaka rudi. London, mwishoni mwa Desemba, jua huchomoza baada ya saa 2 asubuhi na hutua kabla ya saa 10 alasiri. Huo ni mchana wa saa 8 zisizotimia. Tena jua lenyewe halipandi utosini. Hata saa 6 mchana liko nyuzi 15 tu juu ya upeo wa macho, upande wa kusini, na mara nyingi limefunikwa na wingu.

Mche uliokosa mwanga hufanya kama mtu aliyefungiwa ndani: hutafuta upenyo. Akiba yote iliyokuwamo katika mbegu huitumia kurefuka. Joto likiwa kali, hurefuka kwa pupa zaidi. Kwa hiyo kule karibu na chuma cha moto, alikoweka makopo kwa huruma, ndiko mahali pabaya kuliko pote. Baridi ya nje haikuingia jikoni kuua kotmiri. Kotmiri ilikufa kwa njaa ya mwanga, katika chumba chenye joto zuri.

Anayeona shaka na awatazame watu wa Iceland. Wao wamejaliwa maji ya moto yanayotoka ardhini, na kwa maji hayo hupasha mabanda ya vioo wanamokuza nyanya na matango. Joto wanalo tele, na gharama yake ni ndogo. Hata hivyo, majira ya baridi huwasha taa za umeme juu ya mimea, kwa sababu joto peke yake halitoi nyanya.

Sasa mama yetu afanye nini? Kwanza, ayahamishe makopo. Ayaweke kwenye dirisha linalotazama kusini, si hatua tatu kutoka dirishani bali dirishani penyewe, maana mwanga hupungua upesi kadiri mtu anavyosogea ndani. Usiku majani yasigusane na kioo, wala yasiachwe nyuma ya pazia, kwani hapo baridi hukusanyika.

Pili, kwa kuwa mwezi wa Desemba hata dirisha hilo halitoshi, itundikwe taa. Taa nyeupe ya LED yenye wati 20 yatosha kwa makopo machache, ikiwa shibiri moja juu ya majani na ikiwaka saa 14 kwa siku. Kwa mwezi mzima taa hiyo hula umeme usiofika yuniti 9.

Tatu, maji yapunguzwe. Mmea usio na mwanga wa kutosha hunywa kidogo, na mizizi iliyolowa wakati wote huoza. Kopo litobolewe chini. Kidole kiingizwe udongoni kabla ya kumwagilia. Kikitoka na unyevu, maji yangoje kesho.

Nne, achague cha kupanda. Kotmiri haichukii ubaridi kidogo. Ile punje yake ni mbegu mbili ndani ya ganda moja, hivyo iviringishwe taratibu mpaka igawanyike, ipandwe pale pale itakapokulia, kwa kuwa haipendi kung'olewa. Uwatu ule ule wa jikoni, ukimwagwa kwa wingi na kukatwa ungali mchanga, hutoa mboga upesi. Vitunguu vya majani vikikatwa, vile vishina vyenye mizizi vikatiwa maji kidogo katika glasi, huchipua tena. Nanaa hutoa mizizi kwa tawi lililowekwa majini. Mrehani ndio mgumu: hautaki baridi na hautaki kivuli, hivyo kama hakuna taa ungoje mpaka jua lirudi.

Najua wapo watakaosema kwamba maduka ya huko huuza kotmiri mwaka mzima. Ni kweli, na hakuna aibu kuinunua. Lakini fungu la dukani halimpi mtu la kuangalia asubuhi anapoamka, wala halimfanyi mjukuu aje kuuliza, "Bibi, hii imeota lini?"

Hapa nina neno na nyinyi vijana mlioko huko, mliowachukua wazazi wenu kwa nia njema. Mmewanunulia makoti, soksi nzito na mablanketi. Ahsanteni. Lakini mzazi kama mmea, haishi kwa joto peke yake. Koti la tatu halina haraka. Nunueni taa, itundikeni jikoni, kisha mwulizeni mama kotmiri ipandwe vipi, nanyi mkae mkamsikilize. Na wakati wa kula, mkate majani aliyoyapanda yeye myatie katika mchuzi, mbele ya macho yake.

Kwa mama aliyeandika: mkono wako ni ule ule. Mbegu zilizoota miaka mitatu zimetoa ushahidi. Zikiota tena, zisogeze kwenye mwanga siku hiyo hiyo. Na ujue kwamba baada ya tarehe 21 Desemba mchana huanza kurefuka, kidogo kidogo. Mwezi wa Machi, usiku na mchana vitakuwa karibu sawa kama Tanga, na taa mtaizima.

Kwa leo naishia hapo. Tukijaliwa, tukutane juma lijalo.