Mfumo wa Ushuru, Mali ya Nani?

Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, kaunti za Kenya, 47 kwa jumla, zimekuwa zikijitafutia mifumo ya kukusanya ada, ilhali kazi ni ile ile: mwenye duka wa Mtopanga, Mombasa, sawa na mwenzake wa Kisumu, analipia leseni na kupewa risiti. Kaunti inaponunua haki ya kutumia mfumo tu, msimbo wa programu hubaki kwa kampuni iliyouunda. Mkataba ukiisha, kazi yaanza upya, kwa pesa za mlipa ushuru yule yule.

Sekta ya afya ilipita njia nyingine. DHIS2, programu huria (ambayo msimbo wake uko wazi kwa wote) iliyoasisiwa Chuo Kikuu cha Oslo, imekuwa ikipokea takwimu za vituo vya afya nchini kote tangu 2011. Wapo watakaosema programu huria nazo hurudia kazi. Kweli, tena mara nyingine kwa ubishi mtupu. Lakini huko anayerudia huona alichofanya mwenzake, na anaweza kukichukua. Na programu hiyo ikiharibika, nani atawajibika? Fundi wa kulipwa, kama sasa, ila huyu waweza kumbadilisha bila kuutupa mfumo. Kaunti ya Mombasa isitie saini mkataba wowote wa mfumo usioiachia msimbo.