Mzizi wa Mpunga Unapumuaje Kwenye Tope?

(Mazungumzo ya Mratibu wa Miradi ya Dayosisi na kamati za maendeleo za sharika)



Nimeombwa nieleze kwa nini ofisi ya miradi inapendekeza fedha zilizobaki katika mradi wa mpunga zitumike kusawazisha majaruba na kuchimba mifereji ya kutolea maji, badala ya kununua pampu ya pili. Najua wengi wenu mlitaka pampu. Tunasema mpunga ni mmea wa maji, basi maji yakizidi na mavuno yatazidi.

Nami niliamini hivyo. Msimu mmoja niliwashauri wakulima wamwage mbegu jarubani na kujaza maji palepale ili kuzuia magugu. Karibu mbegu zote zilipotea. Nilipokwenda kutazama nilikuta vichipukizi vyembamba, vyeupe, vimerefuka, lakini havina mizizi. Kumbe mbegu ya mpunga ikikosa oksijeni huweza kurefusha chipukizi kutafuta hewa, ila mzizi haukui. Mche haushiki udongo, unaelea na kuoza. Wakulima wale hawakunilaumu, na hilo liliniuma zaidi.

Sasa, mche ukishashika, mzizi wake unaishije kwenye tope? Oksijeni husafiri ndani ya maji polepole mno, karibu mara 10,000 kuliko hewani, na vijidudu vya udongo huimaliza upesi ile iliyokuwamo. Mahindi yakifikia hapo hunyauka. Mpunga una mirija. Ndani ya mzizi baadhi ya seli hufa kwa mpango na kuacha nafasi za hewa, ambazo zimeungana na nafasi za bua na majani. Hewa huingia juu, kwenye jani lililo nje ya maji, ikateremka hadi nchani mwa mzizi. Kata mzizi mnene kwa wembe utaona matundu. Mpunga huwa na nafasi hizi hata pasipo mafuriko, na maji yakituama huziongeza. Kinachouamsha ni gesi ya ethilini ambayo mmea wenyewe huitoa. Ikizuiwa na maji hujikusanya ndani ya mzizi.

Lakini mrija unaovuja una faida gani? Kwa hiyo sehemu ya juu ya mzizi hujengewa ukuta wenye kitu kama nta, oksijeni isipotee njiani. Nchani hakuna ukuta huo. Oksijeni inayotoka hapo hukutana na chuma kilichoyeyuka kwenye tope na kukigeuza kutu. Ndiyo maana mzizi wenye afya huwa mweupe au wa rangi ya kutu. Ukiwa mweusi na unanuka kama yai viza, umeelemewa.

Mpunga ukizama wote, majani na yote, mirija haina pa kuvutia hewa. Aina nyingi hufa ndani ya wiki moja au mbili. Wenzetu wa India wana Swarna-Sub1, iliyoidhinishwa mwaka 2009, ambayo huvumilia hadi wiki mbili hivi. Supa na Saro 5 tunazolima sisi hazikuzalishwa kwa kazi hiyo.

Watafiti wa mpunga wa IRRI, Ufilipino, hushauri maji yaachwe yashuke hadi sentimita 15 chini ya uso wa udongo ndipo mkulima ajaze tena, isipokuwa wakati wa maua, ambapo jaruba lisikauke. Kipimo ni kipande cha bomba la plastiki lenye matundu, kilichochomekwa ardhini. Waliojaribu kilimo shadidi wanaifahamu habari hii. Udongo hupata hewa, na maji hubaki kwa ajili ya jirani wa mwisho wa mfereji. Ila kwenye jaruba lisilo sawa haiwezekani: upande mmoja unapasuka kwa ukavu, mwingine bado umezama. Pampu ya pili ingezidisha tatizo hilo hilo.

Nakiri, ndugu wafadhili, mfereji wa kutolea maji haupendezi kwenye picha.

Baada ya chai tutakwenda jarubani. Kila kamati ing'oe shina moja upande wa juu na jingine kule bondeni maji yanakotuama, mtazame rangi na mnuse. Kisha turudi tupige kura.