Mizani ya Chama na Uaminifu wa Mwanachama

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Urambo



Zamani za misafara, mpagazi wa Kinyamwezi aliyeshika njia ya Tabora kwenda pwani alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, na juu yake mkeka wake na chungu chake. Posho ya nafaka ilipimwa kwa kibaba. Mkuu wa msafara aliyepunja kibaba aliweza kuamka alfajiri akakuta mizigo imelala chini na wenye kuibeba hawapo. Habari zake zilimtangulia njiani, na alipofika Unyanyembe kutafuta wapagazi wengine alikuta watu wamekwisha ambiwa. Hapakuwa na sheria iliyomlazimisha mpagazi amchague tajiri huyu amwache yule. Palikuwa na kibaba.

Urambo yenyewe ina jina la mtu aliyeifahamu sana thamani ya njia ya biashara. Mtemi Mirambo alipopigana na wafanyabiashara wa Kiarabu wa Tabora kuanzia mwaka 1871, aliifunga njia ya Ujiji, na biashara ya pembe ikatikisika hadi Unguja. Vita vilipokwisha, alitaka wafanyabiashara wapite kwake na kukaa kwake, kwa kuwa alijua kwamba njia isiyopitwa na mtu haina faida hata kwa mwenye kuimiliki. Alifariki mwaka 1884. Mambo ya vita vyake ni marefu na si ya mkutano huu. Yatosha kukumbuka kuwa ushindani wa kununua na kuuza haukuja Urambo pamoja na tumbaku.

Tumbaku ya mvuke ilishika mizizi hapa baada ya mpango mkubwa wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947, kushindwa na kuachwa mwaka 1951. Tangu hapo mkulima wa Urambo amekwisha uza kwa kila namna ya mnunuzi: shirika la serikali, chama kikuu, mamlaka ya zao baada ya vyama vikuu kuvunjwa mwaka 1976, kisha tena vyama vilivyorudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na tangu katikati ya miaka ya 1990 makampuni binafsi yanayoshindana. Mtu aliyeona hayo yote hadanganyiki kwa urahisi. Kwa sababu hiyo, hotuba za kumwambia "kuwa mwaminifu kwa chama chako" humwingia sikio moja na kutokea jingine, wala si haki kumlaumu.

Yafaa ushirika ukumbuke ulianza kwa nini. Mwaka 1844, katika mji wa Rochdale huko Uingereza, watu 28, wengi wao mafundi na wafumaji, walifungua duka dogo la siagi, sukari, unga, shayiri na mishumaa. Maduka ya siku zile yalikuwa na sifa mbaya: unga ulichanganywa na vitu visivyolika, na ratili haikuwa ratili. Wale 28 hawakuwa na bei ya chini kuliko wapinzani wao. Walichouza ni unga safi na kipimo kamili, na mwisho wa kipindi ziada iligawiwa kwa kadiri mwanachama alivyonunua. Aliyenunua kwingine hakupata gawio, na hakuna aliyemfuata nyumbani kumkaripia.

Karibu zaidi na hapa, wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 walichoka na mizani ya wanunuzi, wakaweka wapimaji wao wenyewe vituoni. Kutokana na vuguvugu hilo, ambalo Paul Bomani alikuwa miongoni mwa viongozi wake, kilizaliwa mwaka 1955 chama kikuu cha shirikisho la pamba cha Victoria, kilichokua kuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya Afrika. Lakini hadithi haikuishia hapo, na hapa ndipo makatibu wanapopaswa kusikiliza kwa makini. Mwaka 1966 tume maalum ya Rais ilichunguza vyama vya ushirika nchini, ikakuta malalamiko ya wizi, ya uongozi usiosikiliza wanachama, na ya watumishi wasioijua kazi yao. Miaka michache tu baada ya kumfukuza mnunuzi mwenye mizani ya uongo, mkulima alikuwa akilalamikia mizani ya ndugu yake. Uchungu wa pili ulizidi wa kwanza.

Sasa lipo suala la ununuzi wa magendo. Kila zao lina jina lake: Kagera kahawa ikinunuliwa ingali mtini huitwa butura, kusini korosho zinazonunuliwa kwa bakuli nje ya utaratibu huitwa kangomba, na kwenye tumbaku watu husema vishada. Mnunuzi wa usiku huja na fedha taslimu, na bei yake wakati mwingine huipita bei ya soko. Wengi hudhani huo ni ukarimu. Mtu huyo hakukopesha mbolea, hakuleta mbegu, hakulipia nyuzi za kufungia marobota, wala hakumlipa mteuzi wa madaraja. Anavuna shamba lililogharamiwa na mwingine. Kampuni yenye mkataba na chama kimoja ikipokea tumbaku ya chama kingine huku ikijua imetoka wapi, nayo inafanya vile vile, hata kama imevaa tai.

Tuseme kikundi kina wakulima kumi waliodhaminiana, na kila mmoja anadaiwa pembejeo za shilingi 600,000. Wawili wanauza usiku. Deni lao la shilingi 1,200,000 halipotei. Linakatwa kwa wanane waliobaki, shilingi 150,000 kila mtu. Wale wanane ndio waliopeleka kila robota ghalani. Mwaka unaofuata, wangapi kati yao watapeleka mazao yote? Hivyo ndivyo chama kinavyomwadhibu mwaminifu kwa kosa la asiye mwaminifu, kisha kikashangaa waaminifu wanapungua. Dhamana ya pamoja ina manufaa yake, kwani benki isingemkopesha mkulima mmoja mmoja. Lakini haifanyi kazi ikiwa makisio yanaandikwa mezani bila kukagua shamba, na ikiwa mwanakikundi hapewi haki ya kumkataa mtu asiyemwamini. Wapo makatibu wanaojaza vikundi kama wanavyojaza basi.

Upande wa pili, mkulima naye asijifanye mtakatifu. Robota lenye majani mazuri juu na takataka katikati, au lililonyunyiziwa maji liongezeke uzito, ni mizani ya uongo kama ile ya duka la mwaka 1844. Likigunduliwa kiwandani, haliandikwi jina la mtu mmoja. Huandikwa jina la chama, na msimu unaofuata mteuzi hushusha daraja la marobota ya kijiji kizima kabla hajayafungua vizuri.

Imepasa pia chama kisimtegemee mnunuzi mmoja kama mtoto anavyomtegemea mama. Mwaka 2018 mmoja wa wanunuzi wakubwa wa kimataifa aliamua kuacha kununua tumbaku Tanzania. Vyama vilivyokuwa vimeuza kwake vililazimika kutafuta soko upya, vikiwa na mazao na madeni. Mkataba ni heshima ya pande mbili kwa muda wake, nao ukiisha kila upande una haki ya kwenda. Chama chenye kumbukumbu safi za uzito na madaraja kwa misimu kadhaa huenda kwa mnunuzi mwingine na kitu cha kuonyesha. Chama kisicho nazo huenda na maneno.

Kwa hiyo kabla ya soko la kwanza la msimu, katibu aangalie kama mizani imekaguliwa na Wakala wa Vipimo na kupigwa muhuri wa mwaka huu, na muhuri huo uonyeshwe wanachama bila kusubiri waulize. Mizani ianze kwenye sifuri mbele ya mwenye mali. Uzito na daraja visomwe kwa sauti na kuandikwa kwenye stakabadhi wakati huo huo, si jioni ofisini. Makato yaandikwe moja moja: pembejeo, ushuru, riba, na deni la mwenzake kama lipo, likitajwa kwa jina hilo hilo na si "makato mengineyo". Mwanachama asiyejua kusoma asomewe na mtu aliyemchagua yeye, na karani asubiri mpaka asomewe mstari wa mwisho.