Risasi Iliyomo Kwenye Sufuria

Leo sina habari za UKIMWI wala mimba za mapema. Nataka tuongee juu ya betri mbovu ya gari.

Unajua mambo yanavyokwenda. Mahindi yamekomaa, nguruwe pori wanamaliza shamba, na mjomba ana gobore lake. Anakwambia, "Mwanangu, hebu niyeyushie risasi." Unaivunja betri, unatoa mabamba, unayaweka kwenye sufuria juu ya mafiga. Mwingine anachanganya na lehemu ya fundi redio, eti risasi iwe ngumu. Wengine hawana habari na gobore, wanatengeneza chubwi za kuvulia samaki tu.

Kutengeneza risasi za bunduki bila kibali ni kosa, sheria ya silaha ya 2015 ipo. Hilo nawaachia polisi. Mimi nazungumzia damu yako.

Kiswahili chetu kimetupa neno moja kwa vitu viwili: risasi inayotoka kwenye mtutu, na risasi madini yenyewe. Tunaiogopa ile ya kwanza tu! Madini haya huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Sentigredi, moto wa kuni unatosha kabisa. Ila mabamba ya betri si risasi tupu. Yana unga wa risasi na tindikali, na mara nyingi antimoni au aseniki kidogo. Tone la maji likiingia mle, risasi ya moto inakurukia usoni. Na zile taka unazoengua juu, zikilowa, zinaweza kutoa gesi ya sumu. Kitambaa puani hakizuii kitu.

Lakini ubaya mkubwa ni vumbi. Linakaa kwenye shati lako, kwenye udongo wa uani, kwenye sufuria. Mdogo wako anatambaa pale, kisha vidole mdomoni. Mwili wa mtoto mdogo hunyonya risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 kuliko wa mtu mzima. Ikishaingia hujificha mifupani miaka mingi, na msichana akipata mimba hutoka huko ikamfuata mtoto tumboni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa ni salama.

Dalili zake? Tumbo kusokota, choo kufunga, kichwa, uchovu, damu kupungua, mtoto kuwa mzito wa masomo, hata degedege. Hapa kwetu hayo yote yana majina tayari: malaria, minyoo au mkono wa mtu.

Wenzetu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliyaona. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilifanya kazi ubavuni mwa nyumba zao kuanzia 2007 hadi 2014. Mama mmoja aliyefanya kazi pale, Phyllis Omido, aliuguliwa na mtoto wake mchanga. Walidhani ni malaria, kumbe damu ina risasi. Akaanza kupigania mtaa mzima. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na baada ya kuvutana sana, Mahakama ya Juu ikairudisha hukumu hiyo Desemba 2024. Kule Senegali, karibu na Dakar, watoto 18 walikufa kati ya 2007 na 2008 kwa vumbi la betri.

Kumkatalia mjomba ni kazi, najua. Nisingizie mimi. Betri mbovu muuzie mnunuzi wa vyuma chakavu ikiwa nzima, usiipasue.

Kama mmeshayeyusha nyumbani, sufuria ile isipikiwe tena hata uji. Uani msifagie pakavu, mwagieni maji kwanza. Nguo za kazi zifuliwe peke yake. Na mtoto akiugua, mpelekeni zahanati na mseme wazi: "Nyumbani tuliyeyusha betri." Kipimo cha malaria hakionyeshi risasi, na mganga hawezi kukisia. Akiwaandikia rufaa kwenda Morogoro mjini kupima damu, nendeni wiki hiyohiyo. Dawa ya kuitoa risasi mwilini ipo, ila ubongo ulioharibika haurudishi.