Sikio Kabla ya Ulimi

Somo: Yakobo 1:19–27

 

Katika somo letu la leo Yakobo anatuagiza tuharakishe kusikia, bali kusema na kukasirika tukuchelewesha. Twataka kulipima agizo hilo kwa jambo ambalo makanisa yetu hulitaja mara nyingi kwa hasira na mara chache kwa sala, yaani nafasi ya watu wanaovutiwa na wenzao wa jinsia moja katika nyumba ya Mungu.

Mwaka 1998 maaskofu wa Kianglikana wa ulimwengu mzima walikutana huko Uingereza katika Mkutano wa Lambeth. Kwa kura 526 dhidi ya 70, walikiri kwamba ndoa ni ya mume na mke, na kwamba matendo ya ngono ya jinsia moja hayapatani na Maandiko. Hayo tumeyahubiri sana. Lakini azimio hilohilo lina sehemu nyingine. Maaskofu waliahidi kuwasikiliza watu hao, wakawahakikishia kwamba Mungu anawapenda, na kwamba waaminifu wote waliobatizwa ni viungo kamili vya mwili wa Kristo. Je, sehemu hiyo imesomwa lini katika mimbari zetu?

Tangu hapo Ushirika wetu umepasuka. Februari 2023 Sinodi Kuu ya Kanisa la Uingereza ilikubali mpango wa sala za baraka kwa wapenzi wa jinsia moja. Aprili mwaka huohuo viongozi wengi, wa Kenya wakiwamo, walikutana Kigali wakaukataa uongozi wa Askofu Mkuu wa Canterbury. Kanisa letu limesema wazi lasimama wapi kuhusu ndoa, nasi hatukuja redioni kulibatilisha neno hilo. Hata hivyo, kujua ni nani tutakayemfungisha ndoa hakujatuambia tumtendeeje mtu aliyeketi karibu nasi Jumapili.

Nasi wa eneo hili la Mlima Kenya tuna sababu ya kutafakari. Mwaka 2015 makasisi watatu wa Kanisa letu walisimamishwa kazi wakishutumiwa ushoga. Walikwenda mahakamani, na mwaka 2016 mahakama ya ajira iliyoketi hapa Nyeri iliona kwamba hawakutendewa haki, ikaamuru warudishwe kazini. Ndugu, husemwa kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo yaweza kupita sokoni, lakini katika baraza la Kanisa haifai. Torati, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 19, yataka mashahidi wawili au watatu. Ni aibu kwetu kwamba hakimu alilazimika kutukumbusha yale tuliyokuwa nayo katika Biblia zetu.

Tukumbuke pia tarehe 24 Februari 2023, Mahakama ya Juu ilipoamua kwamba watu hawa wasinyimwe haki ya kusajili chama chao. Wengi walipiga kelele kwamba ushoga umehalalishwa. Sivyo. Sheria ya makosa ya jinai haikuguswa. Tulisema kabla ya kusikia.

Sasa fikirini mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama. Mwanawe, aliyebatizwa na kupokea kipaimara mbele yetu, amemweleza usiku jikoni jambo ambalo hajapata kumweleza mtu. Jumapili mhubiri anawafanyia mzaha watu wa namna hiyo, na kanisa zima linacheka. Mama naye anacheka, asije akajulikana. Je, siku hiyo tumemhubiria Injili, au tumemfundisha kuficha machozi? Na yule kijana, akiacha kuja kanisani, tutasema ameiacha imani, au tutakiri kwamba tulimfungia mlango?

Katika Matendo sura ya 15, Kanisa la Yerusalemu lilikuwa na ubishi mkali juu ya kuwapokea watu wa mataifa. Petro alisema. Kisha mkutano wote ukanyamaza, wakawasikiliza Barnaba na Paulo. Yakobo, ambaye mapokeo yanamtaja kuwa ndiye aliyeuandika waraka wetu wa leo, alingoja wote wamalize, ndipo akasema. Hakuyaacha Maandiko, aliyanukuu. Lakini alikuwa amesikia kwanza.

Kwa hiyo tunaziomba halmashauri za parokia: mzaha huu ukome mimbarani. Mtu asizuiwe kuikaribia Meza ya Bwana kwa uvumi. Na katika kila parokia awepo mchungaji ambaye mtu aweza kumfungulia moyo, bila habari zake kufika kituo cha matatu kabla ya jioni. Hayo hayangojei sinodi yoyote.

Tuombe. Ee Bwana, uliyewasikiliza wale ambao umati uliwaamuru wanyamaze, utupe masikio kama yako. Uzilinde ndimi zetu na ushahidi wa uongo. Uwakumbuke walio kati yetu wanaoogopa kujulikana, pamoja na mama zao, utufanye kuwa watu ambao mbele yao mtu aweza kusema kweli. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.