Agano Hujaribiwa Hatari Inapopita

(Mada iliyotolewa kwa wajumbe wa kamati za parokia na sharika, pamoja na wafadhili waliotutembelea)



Tumepewa kichwa cha maneno kisemacho "Kuishi kwa uaminifu katika agano na Mungu". Ni kichwa kipana. Tungeweza kukaa siku nzima tukieleza maagano ya Nuhu, Abrahamu, Musa na Daudi. Lakini sisi ni watu wa kamati. Tunashika daftari la michango, tunagawa mbegu, tunasimamia kisima na kutembelea wagonjwa. Kwa hiyo tumeona vema tuulize swali moja: ni wakati gani uaminifu wetu katika agano hujulikana kuwa ni wa kweli?

Jibu tunalolipata katika Maandiko ni hili: si siku ya hatari, bali siku inayofuata, hatari ikishapita.

AGANO SI MKATABA

Mkataba tunaufahamu sote. Fundi anakubali kujenga madarasa mawili, nasi tunakubali kumlipa kwa awamu tatu. Asipojenga, hatumlipi, na kila mmoja anakwenda zake. Mkataba hubadilisha vitu, lakini agano huwafunga watu. Wazee wetu waliochanjiana damu walilijua jambo hili. Mtu wa mbali aligeuka ndugu, watoto wake wakawa watoto wako, na nyumba yake ikawa mahali pa kukimbilia wakati wa njaa. Hakuna aliyeuliza mwisho wa mwaka kama udugu huo umeleta faida.

Katika Mwanzo 15 Abramu aliandaa ndama, mbuzi na kondoo dume, akawapasua katikati na kuvipanga vipande vikielekeana. Kwa desturi ya nyakati zile, wenye kuagana walipita kati ya vipande, kana kwamba kila mmoja anasema: nikilivunja agano hili, na mimi nifanywe hivi. Lakini jua lilipokuchwa, kilichopita pale ni tanuru ya moshi na mwenge wa moto. Abramu hakupita. Mungu ndiye aliyejifunga.

Hapo ndipo msingi wetu ulipo. Hatutunzi agano ili Mungu apate kutupenda. Yeye alitangulia. Hata usiku ule Bwana Yesu alipotoa kikombe cha agano jipya, mezani alikuwapo mtu aliyekwisha kumuuza, na mwingine ambaye angemkana kabla jogoo hajawika. Kikombe kilitolewa hata hivyo. Uaminifu wetu ni jibu kwa uaminifu uliotutangulia. Lakini jibu ni lazima lionekane, na Biblia inatuonyesha lionekane wapi.

WALIPOWAACHA HURU, KISHA WAKAWARUDISHA

Tusome Yeremia 34. Mfalme Sedekia yuko Yerusalemu, na jeshi la Babeli limeuzingira mji. Sheria ilikuwa inasema Mwebrania aliyeuzwa utumwani kwa kukosa atumike miaka 6, na mwaka wa 7 aachwe huru, wala asiondoke mikono mitupu: apewe katika kondoo, nafaka na divai (Kumb. 15). Sheria hiyo ilikuwa imewekwa kando kwa muda mrefu. Sasa, adui akiwa ukutani, wakubwa wa mji wakaikumbuka. Wakakusanyika katika nyumba ya Bwana, wakamkata ndama vipande viwili, wakapita katikati yake kama desturi ilivyotaka, wakaapa kuwaachia watumwa wao, wanaume kwa wanawake. Wakawaachia kweli.

Kisha habari njema ikaja. Jeshi la Misri lilikuwa limetoka kwao, na Wababeli wakaondoka Yerusalemu kwenda kukabiliana nalo. Milango ikafunguliwa. Watu wakapumua. Na wakubwa wale wale wakaenda kuwatafuta wale waliowaachia, wakawarudisha utumwani.

Tuangalie Mungu alivyolipokea jambo hilo. Hakusema kwamba wamewakosea watumwa tu. Kwa kinywa cha nabii alisema wamelinajisi jina lake. Yaani jina la Mungu lilikuwa limewekwa juu ya uhuru wa yule kijakazi na yule mtumwa, na mwenye kuwashika tena alilishika jina hilo kwa mikono michafu. Nabii akawaambia Wababeli watarudi. Walirudi, na mji ukaanguka mwaka 587 au 586 kabla ya Kristo.

Ndugu zetu, watu hawa hawakuwa wapagani. Waliapa hekaluni, na ibada yao ilikuwa kamili. Kilichokosekana ni siku ya pili.

MATANGA YAKIANULIWA

Sasa tuje nyumbani kwetu. Sisi ni hodari siku ya msiba. Kengele inapigwa, kwaya inakuja, akina mama wanabeba kuni na maji, jumuiya inachanga rambirambi. Mbele ya jeneza tunamwambia mjane, "Hatutakuacha, tuko pamoja." Hayo ni maneno ya agano, tena yamesemwa mbele za Mungu.

Kisha matanga yanaanuliwa. Wageni wanaondoka. Baada ya mwezi mmoja au miwili shemeji anakuja kupima shamba la migomba. Anasema ni mali ya ukoo, mwanamke alikuja kuolewa tu, na akitaka kubaki akubali kurithiwa. Katika safari zetu za kutembelea vikundi tumesikia habari hii mara nyingi, na mara nyingine huyo shemeji ni mtu mwenye kiti cha mbele kanisani. Hapo kamati inasemaje? Kwa kawaida inasema, "Hayo ni mambo ya ukoo."

Lakini mjane, yatima na mgeni wametajwa ndani ya agano lenyewe, katika Kutoka 22 na Kumbukumbu la Torati 24. Hatuwezi kuwaachia ukoo peke yake. Tena sheria ya nchi yetu iko upande wao. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001, inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Inasema pia kwamba mila inayowanyima wanawake, watoto au watu wenye ulemavu haki hiyo ni batili. Sheria hiyo hiyo imeweka Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe 7, na watatu kati yao ni wanawake, ili kusuluhisha migogoro kama hii.

Mjane wengi wao hawalijui hilo, na anayelijua huogopa kwenda peke yake. Kamati ya parokia haina haja ya fedha za wafadhili ili watu wawili wamsindikize mama mmoja hadi kwenye baraza. Inahitaji ujasiri wa kumtazama shemeji usoni, hata kama ndiye mtoaji mkubwa wa mavuno.

LIWALI ALIYEKATAA POSHO

Miaka kama 140 baada ya mji kuanguka, Nehemia alikuwa akiujenga ukuta wa Yerusalemu upya. Katikati ya kazi kilio kikasikika (Neh. 5). Hakikuwa juu ya maadui. Watu walisema wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wapate nafaka, wamekopa kulipa kodi ya mfalme, na watoto wao wanaingia utumwani. Waliowakopesha walikuwa ndugu zao wenyewe.

Nehemia angeweza kusema, "Tumalize ujenzi kwanza, mambo ya madeni tutayatazama baadaye." Hakusema hivyo. Aliitisha mkutano mkubwa, akawataka wakubwa warudishe mashamba na nyumba siku ile ile, pamoja na ile sehemu ya mia ya fedha, nafaka, divai na mafuta waliyokuwa wakiitoza. Wakakubali. Akawaapisha mbele ya makuhani. Naye mwenyewe, katika miaka 12 ya uliwali wake, hakula posho iliyokuwa haki ya liwali, kwa sababu mzigo wa watu ulikuwa mzito.

Tuna vikundi vingi vya kuweka na kukopa katika sharika na parokia zetu, na tunamshukuru Mungu kwa ajili yake. Hata hivyo kila kikundi kijiulize: mwanachama akishindwa kurejesha kwa sababu mvua zimekatika au mtoto amelazwa, tunachukua cherehani yake? Tunamwondolea bati? Ahadi ni deni, na deni hulipwa. Hatusemi watu wasilipe. Tunasema ndugu wa agano hadaiwi kama mgeni. Anaongezewa muda, anasaidiwa kupata mbegu, anatembelewa kabla hajaanza kukwepa mikutano. Na katibu asiandike posho ya kikao kilichochukua nusu saa.

KIJIJI CHA WAKIMBIZI

Historia ya Kanisa inatupa mfano mwingine, ambao matunda yake yalifika kwetu. Mwaka 1722 Wakristo waliotoroka mateso huko Moravia walipokelewa Ujerumani katika shamba la Nikolaus Ludwig von Zinzendorf, wakaanza kijiji cha Herrnhut. Walikuwa wamevuka hatari kubwa. Walipokuwa salama, na wengine kutoka sehemu mbalimbali wakajiunga nao, waligombana juu ya mafundisho na taratibu hadi kijiji kikawa karibu kuvunjika.

Zinzendorf aliwatembelea nyumba kwa nyumba. Tarehe 12 Mei 1727 walitia sahihi mapatano ya kuishi kama ndugu. Tarehe 13 Agosti mwaka huo walishiriki Meza ya Bwana pamoja na kupatana. Siku chache baadaye, wanaume 24 na wanawake 24 waliahidiana kugawana saa za mchana na usiku ili maombi yasikatike, na zamu hiyo iliendelea kwa zaidi ya miaka 100. Mwaka 1732 waliwatuma wamisionari wao wa kwanza, na mwaka 1891 warithi wao walifika Rungwe. Kazi iliyofika Rungwe ilianza na watu waliokubali kupatana na jirani waliyekuwa wamemchoka.

NENO KWA WAFADHILI

Nanyi ndugu zetu mnaotoa, agano linawahusu pia. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka mpaka kutoka Rwanda kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Dunia yote iliona, na misaada ilikuja. Wengi wao waliporudi kwao Desemba 1996, kamera ziliondoka, na vijiji vya wenyeji vikabaki na vilima vilivyokatwa miti. Wakati huo ndipo rafiki wa kweli alipohitajika.

Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya mchango walioanza mwaka uliotangulia, akawasihi waumalize (2 Kor. 8). Katika sura hiyo hiyo alieleza kwamba ziada ya hawa leo ni kwa upungufu wa wale, na siku nyingine itakuwa kinyume chake. Kwa hiyo hakuna anayetoa akiwa juu, wala anayepokea akiwa chini. Tena Paulo hakuzibeba fedha peke yake. Alimtuma Tito pamoja na ndugu waliochaguliwa na makanisa, ili pasiwepo lawama. Wafadhili wakitudai hesabu, wanatutendea kama ndugu wa agano. Nasi tukiwaomba wabaki nasi mwaka wa tatu, kisima kinapohitaji vipuri na hakuna tena picha nzuri ya kupiga, tunawatendea vivyo hivyo.

YA KUFANYA

Tunaomba kila kamati, katika kikao chake kijacho, ifungue kwa sala na kujadili mambo haya:

1. Ni ahadi gani tulizitoa wakati wa shida (njaa, ugonjwa, msiba) ambazo tuliziacha shida ilipopita? Ziandikwe kwa majina.

2. Katika eneo letu kuna wajane wangapi waliofiwa katika miaka 2 iliyopita? Nani aliwatembelea baada ya matanga kuanuliwa, na mashamba yao yako mikononi mwa nani?

3. Wajumbe wetu wanawafahamu wajumbe wa Baraza la Ardhi la Kijiji? Nani atakwenda kuonana nao?

4. Vikundi vyetu vya kukopa vina utaratibu gani kwa mwanachama aliyepatwa na janga?

5. Daftari la mapato na matumizi husomwa mbele ya washarika wote mara ngapi kwa mwaka?

Majibu yasiwe ya kutufurahisha sisi ofisini. Yawe ya kweli. Mtakapotambua kuna jina lililosahauliwa, msiandike barua kwetu kwanza. Mtumeni mtu aende akabishe hodi kwake, kabla ya Jumapili inayofuata.

Mungu aliyejifunga kwetu kwa agano lisilovunjika awatie nguvu. Amina.